Sabasaba au maonesho ya nje: kikundi kidogo cha viungo kiende wapi?

MsindikajiMuheza:
Habari zenu, ndugu zangu. Kikundi chetu kinasindika pilipili manga, mdalasini na iliki zinazolimwa katika milima ya Usambara Mashariki. Kila mwaka tunachangia banda na wenzetu kwenye Maonesho ya Sabasaba pale Barabara ya Kilwa, na pakiti zinauzika vizuri, lakini yakishafungwa Julai 13 hatumwoni tena mnunuzi wa jumla hata mmoja. Wapo wanaotushauri tuweke akiba twende Gulfood, maonesho ya biashara ya chakula ya Dubai, na wapo wanaosema kwamba zama za maonesho zimepita, hivyo tubaki Instagram. Fedha tuliyonayo inatosha jambo moja tu. Naomba maoni ya wenye uzoefu.

MjengaMabanda:
Ndugu Msindikaji, hao wanaosema zama zimepita wana hoja, ila wanaikuza mno. CeBIT ya Hannover, ambayo mwaka 1986 ilijitenga na maonesho ya viwanda ya Hannover Messe ikawa maonesho makubwa kuliko yote ya kompyuta, iliwahi kupokea wageni zaidi ya 800,000 kwa mwaka. Mwaka 2018 walifika kama 120,000, na waandaaji wakayafuta. Maonesho ya magari ya Geneva, yaliyoanza mwaka 1905, nayo yalifikia tamati mwaka 2024. Kampuni ya simu au ya magari haihitaji tena kukodi ukumbi ili dunia ione bidhaa yake mpya, kwa kuwa inairusha mtandaoni siku inayoitaka yenyewe, bila kugombea macho ya watu na washindani wake.

Chakula hakijafuata njia hiyo. SIAL ya Paris na Anuga ya Cologne, maonesho ya chakula, bado zinapokezana, moja mwaka wa shufwa na nyingine mwaka wa witiri, kwa sababu harufu ya mdalasini haipiti kwenye simu. Nimemtazama mnunuzi wa maduka makubwa akivunja kipande cha gome, akakinusa, akakitafuna kidogo, ndipo akauliza bei. Kwa hiyo msiyakatae maonesho kwa ujumla wake, bali jiulizeni ni nani hasa anapita mbele ya meza yenu. Sabasaba inapita familia iliyokuja kutembea na kununua pakiti mbili za pilipili. Gulfood anapita mtu aliyetumwa na kampuni yake kutafuta shehena.

BintiKariakoo:
Naomba nimtetee Sabasaba kidogo. Ni kweli kwamba ni sikukuu ya watu wote, tena jina lenyewe limetokana na Julai 7, siku ambayo TANU ilizaliwa mwaka 1954, na wengi huja na watoto wao kula na kutazama. Hata hivyo, wenye hoteli na wauzaji wa jumla nao hufika, isipokuwa hawana muda wa kusukumana na umati saa kumi jioni. Waandikieni mapema, majuma kadhaa kabla ya Juni 28, muwape saa ya asubuhi na mtu maalumu wa kuwapokea ambaye hatashika kazi ya kuuza pakiti. TanTrade, mamlaka ya maendeleo ya biashara, nayo huandaa mikutano ya kukutanisha wafanyabiashara. Ulizeni namna ya kujiandikisha. Kisha muwe na daftari: jina, kiasi alichotaka, mlichomwahidi. Mabanda mengi ninayoyaona yanakusanya kadi za biashara kwenye bakuli, na bakuli hilo halifunguliwi hadi mwaka unaofuata.

MsindikajiMuheza:
Dada, hilo la daftari limenichoma, ahsante. Kaka MjengaMabanda, tukimpata huyo wa Dubai atatuuliza nini?

MjengaMabanda:
Hatauliza historia ya kikundi, ingawa vipeperushi vyetu vingi huanza nayo. Atauliza kiwango cha unyevu cha pilipili yenu, cheti cha maabara kuhusu sumukuvu (sumu itokanayo na ukungu), kilo mnazoweza kutoa kila mwezi kwa ubora uleule, na bei ikiwa mzigo umeshapakiwa melini bandarini Tanga au Dar es Salaam. Swali la kilo ndilo linalowaangusha wengi, kwa kuwa mtu huahidi kontena zima huku akitegemea mavuno ya wanachama wachache, na akishindwa mara moja mnunuzi harudi tena. Kama hamna majibu hayo, banda la Dubai litakuwa gharama ya bure, hata likipambwa namna gani.

Kwa fedha ya jambo moja, mimi ningefanya hivi: mwaka huu bakini Sabasaba kwa utaratibu aliousema Dada, na sehemu ya fedha ipelekeni kwenye vipimo vya maabara na vifungashio. Mwakani mtumeni mtu mmoja Gulfood kama mgeni tu, bila banda, akiwa na sampuli ndogo zilizofungwa vizuri na miadi aliyoiomba kabla ya kusafiri. Atembee kumbi za viungo, aone wauzaji wa India na Vietnam wanavyopanga madaraja ya pilipili yao na bei wanazotaja. Akirudi na wanunuzi wawili wanaojibu barua pepe, ndipo mzungumzie kukodi nafasi, ikiwezekana ndani ya banda la taifa.

BintiKariakoo:
Naunga mkono, ila huyo atakayetumwa awe yule anayejua bei ya shambani, asiwe mwenyekiti kwa sababu tu ni mwenyekiti.