Uliyefika China, Wachina wa kwao uliwaonaje? Tupeane uzoefu

Mleta mada

Wakuu, salaam. Wengi wetu Mchina tunamjua kwa mambo mawili: mzigo unaoshuka Kariakoo, na yule mkandarasi wa barabara mwenye kofia ya ukindu anayefoka kando ya greda. Humu kuna watu mmesoma kule, mmefunga mizigo kule, wengine mmeishi miaka. Bei za simu na mawakala wa mizigo zina nyuzi zake. Hapa tuongelee watu. Wanaishije, wanaleaje, hela wanaishikaje, na wewe mweusi wanakupokeaje.

Naanza mimi. Nilifikia Guangzhou, Xiaobei, mtaa ambao kila mfanyabiashara wa Kiafrika anaujua. Pale utakula wali, utasuka nywele, utasikia Kilingala na Kiigbo dirishani. Ukiishia hapo, ukarudi kusema umeiona China, umeona Kariakoo yenye lifti tu. Nilipotoka nje ya mtaa ndipo nikajua niko ugenini. Bibi mmoja anachoma viazi vitamu kwenye pipa juu ya guta. Nikatoa noti ya yuan 100, akacheka, akanyanyua kikaratasi cha QR, ile alama ya kuskani kwa simu ulipe, alichokivaa shingoni kwa kamba. Chenji hana, na hana mpango wa kuwa nayo. Kijana aliyekuwa nyuma yangu akaskani kwa simu yake, nikataka kumrudishia, akapunga mkono na kwenda zake.

Sisi tunajisifu kwa M-Pesa na tuna haki, maana Kenya ilianza 2007 na Tanzania 2008, WeChat yenyewe, programu ya simu wanayolipia, haijazaliwa. Lakini kwetu ukinunua kitu cha mia tano unawaza makato. Kule mnunuzi akiskani hakatwi kitu, ndiyo maana imefika mpaka kwenye kiazi. Anayekwenda sasa aunganishe kadi yake ya benki na Alipay au WeChat kabla ya kupanda ndege, wageni wanaruhusiwa.

MwanaWuhan

Mkuu, mimi nilisoma Wuhan kwa ufadhili wa serikali yao. Nianze na baridi. Kuna mstari unaofuata mto Huai na milima ya Qinling. Kaskazini yake serikali iliweka mabomba ya kupasha joto majengo tangu miaka ya 1950, kusini hakuna. Wuhan iko kusini. Januari unakaa darasani na koti, profesa naye na koti, kila mtu amekumbatia chupa ya maji ya moto. Wenzetu wa Harbin, ambako nje ni nyuzi 20 chini ya sifuri, ndani walikuwa wanavaa fulana.

Ila kilichonikaa moyoni ni kijana tuliyekuwa naye maabara moja, mtoto wa kijijini mkoa wa Henan. Wazazi wake walienda kufanya kazi kiwandani Shenzhen yeye bado mdogo, akalelewa na bibi. Nikamuuliza kwa nini hawakumchukua. Akanieleza habari za hukou, usajili wa kaya unaomfunga mtu na kwao. Mzazi anaweza kwenda mjini kutafuta riziki, lakini mtoto kupata shule ya serikali huko ni shida, na mtihani wa kuingia chuo kikuu mara nyingi lazima arudi kuufanyia mkoani kwake. Mtihani wenyewe, gaokao, ni vita: mwaka 2024 walijiandikisha zaidi ya milioni 13. Unaanza tarehe 7 Juni, na siku hizo ujenzi karibu na shule unasimama, madereva wanaambiwa wasipige honi, akina mama wanasimama getini na magauni mekundu ya qipao kuwatakia wanao heri.

Wazazi wake alikuwa akiwaona Mwaka Mpya wa Kichina tu. Alinisimulia haya yote huku anaosha vyombo vya maabara, kwa sauti ileile ya kuniuliza asidi imebaki kiasi gani. Kwetu pia watoto wanalelewa na bibi, lakini kwetu ni ugumu wa maisha au mambo ya ukoo. Kule sheria nayo imo. Mtu akiniambia "Wachina wameendelea, tuwaige", huwa namuuliza tuige kipande kipi.

Mama Soksi

Nyie wasomi mna mambo mazito. Mie nawapa ya sokoni, Yiwu, mkoa wa Zhejiang. Lile soko lina vibanda zaidi ya 70,000, limegawanywa kwa kanda, soksi ziko kanda ya nne. Kibanda kimoja bidhaa moja. Kuna dada anauza vifungo tu, na vifungo hivyo vimemjengea. Mchana ukipita unakuta watu wamelala, wala si kusinzia: mtu kafungua kitanda cha kukunja nyuma ya meza, kajifunika blanketi, jirani anamwangalizia wateja. Chini ya meza mtoto anafanya hesabu za shule. Jioni wanafunga mapema, ukichelewa umelala na shida zako.

Bei tunaongea kwa kikokotoo. Naandika, anafuta, anaandika yake, nafuta. Mkishakubaliana unatanguliza asilimia 30, iliyobaki unamaliza kabla mzigo haujapakiwa.

Kuna kiwanda kiliwahi kunibadilishia uzi. Sampuli pamba, kontena limefunguliwa Dar, nailoni. Nilirudi kule nimejaa maneno. Bosi hakubisha wala hakuniomba radhi, akanichukua twende tukale. Meza ya duara, kioo cha katikati kinazunguka, samaki kageuzwa kichwa kinielekee mimi mgeni. Wao wanagonga vikombe vya pombe yao kali, mimi chai, na kila anayegonga na bosi anashusha kikombe chake kiwe chini ya cha bosi. Soksi hazikutajwa. Tulipofika kwenye matunda akatoa kikokotoo mfukoni, akaandika punguzo la oda inayofuata, nikakubali. Msidhani ni upole. Ni mtu wa biashara anayejua hasira yako inauzwa shilingi ngapi.

Na anayetaka mzigo wa Februari aagize mapema mno. Kabla ya Mwaka Mpya wao wafanyakazi wanaondoka, kiwanda kinafungwa, na wengine sikukuu ikiisha hawarudi. Ndio hao wazazi wa yule kijana wa Henan, wanakwenda kumwona mtoto.

WaMjiWaKale

Hamjambo nyote. Mimi ni wa Mombasa. Wasiwasi wangu ulikuwa chakula, maana kule nguruwe yuko hata kwenye mboga za majani. Tafuteni mikahawa ya tambi za kuvutwa kwa mkono. Mingi ni ya Waislamu Wahui wa Gansu na Qinghai, na kibao utaona kimeandikwa halali kwa Kiarabu. Guangzhou kuna msikiti mkongwe wa Huaisheng, na mwingine kwenye kaburi linalonasibishwa na sahaba Saad bin Abi Waqqas. Ijumaa ukitoka nje ya huo wa pili ni mishikaki ya kondoo na mikate mitupu.

Mzee mmoja wa Kihui aliniuliza natoka wapi. Mombasa hakuijua. Nikamtajia Malindi, mara akanyoosha mkono juu kabisa ya kichwa na kuukunja kiganja: twiga! Ni yule twiga aliyepelekwa kutoka Malindi mwaka 1415, enzi za Zheng He, amiri wa meli za China, ambaye naye alikuwa Mwislamu wa mkoa wa Yunnan. Kwetu sijui ni wangapi watakaokujibu ukiwauliza habari hizo.

Mpangaji

Mazuri nimeyasikia. Mimi nilikuwa Guangzhou Aprili 2020. Corona imepamba moto, ikavuma kwamba Waafrika ndio wanaoirudisha. Mwenye nyumba wangu, mtu tuliyekuwa tunapeana matunda, alikuja na barakoa akanionyesha mlango. Tulilala nje na watu wenye viza halali na kodi waliyolipa. Mabalozi wa Afrika Beijing waliandika barua ya pamoja kulalamika. Baadaye yule mwenye nyumba alinitumia ujumbe kuuliza kama nimekula. Sikumjibu.

Mleta mada

Pole sana, mkuu. Hili halikuandikwa vya kutosha kwetu, asante kwa kulileta.

BintiReli

Baba yangu ni miongoni mwa vijana waliopelekwa Beijing miaka ya 1970 kusomea mambo ya reli, wakati TAZARA inajengwa. China yake ni ya baiskeli, watu wote nguo za bluu, nafaka na vitambaa vinanunuliwa kwa kuponi. Mimi nimepanda treni ya mwendokasi kutoka Guangzhou hadi Beijing, kama kilomita 2,300, kwa saa nane hivi. TAZARA nzima, Dar hadi Kapiri Mposhi, ni kilomita 1,860, na wanaoipanda wanajua ratiba yake. Nilimpigia baba kwa video nikiwa njiani. Akaniambia nigeuze kamera nimwonyeshe reli, si mimi.

Ndani ya behewa kuna bomba la maji ya moto, kila mtu anamimina kwenye tambi zake za kikopo. Mama wa kiti cha pili alinipa miguu ya kuku iliyofungwa kwenye plastiki, nikaitafuna. Na maswali sasa! Una miaka mingapi, umeolewa, kwa nini hujaolewa, mshahara wako kiasi gani.

Mama Soksi

Hayo maswali nayajua. Ulijibu?

BintiReli

Nilijibu yote, dada, kwa programu ya kutafsiri kwenye simu. Kisha nikamgeuzia. Akanitajia pensheni yake, bei aliyonunulia nyumba ya mwanawe, na kwamba mkwe wake hajui kupika. Behewa zima likasikia, na mzee wa mbele yetu akageuka kuuliza hiyo nyumba ina mita ngapi za mraba.