Sanduku la bati, miguu ya cherehani au kandili: nianze na kipi?

mpangaji_nkuhungu
Wakuu habari za jioni. Nimepanga chumba na sebule huku Nkuhungu, Dodoma, sebule iko tupu sauti inarudi. Jumamosi nikaenda soko la Sabasaba kutafuta mapazia ya mtumba, mapazia sikupata nikajikuta narudi na sanduku la bati lile kubwa la zamani la shule (lina kutu pembeni), miguu ya cherehani ya kukanyaga kichwa hakipo, na kandili mbili, moja haina chimni. Vyote elfu 45. Nimebakiwa na kama elfu 30 ya kutengeneza kimoja kwanza. Sanduku nawaza liwe meza ya katikati, miguu iwe meza ya tv, kandili nizitie balbu. Mngekuwa nyie mngeanza na kipi?

fundi_mbao
Miguu ya cherehani, wala usijiulize. Ila usimpelekee fundi wa kuchomelea aisee, ile sio chuma kama nondo, ni chuma cha kumimina kwenye kalibu, ukipiga welding ya kawaida kikipoa kinapasuka, nishawahi kumharibia mteja nikalipa mwenyewe. Tumia matundu yaleyale yaliyokuwa yameshika meza ya cherehani, bolti na nati basi. Juu weka mninga, hela ikigoma paini, piga msasa na vanishi mara mbili. Kile kikanyagio kifunge waya kama kuna watoto, kinabana vidole.

mama_ipagala
Fundi umeongea vizuri ila inaonekana hufuti vumbi nyumbani kwako 😂 Hii ni Dodoma, mwezi wa saba na wa nane upepo ukianza unafunga madirisha na bado vumbi linaingia, sasa ile miguu ina maua maua na vitobo kila kona, utakaa na mswaki kusafisha kila Jumamosi? Mimi ninayo, najua ninachosema. Sanduku lina uso mmoja tu unapitisha kitambaa umemaliza, ndani unaweka mablanketi, na siku mwenye nyumba akipandisha kodi unajaza vyombo humohumo unapakia kwenye guta unahama. Meza gani nyingine inakubali hivyo?

wa_kongwa
Kandili nizitetee kidogo maana naona hazina mwenyewe. Nilitundika mbili barazani, upepo ukazigonganisha usiku mzima mpaka jirani akaja kuuliza, kwa hiyo ning'iniza ndani. Mwaga mafuta ya taa yote, osha kwa sabuni uache juani siku mbili tatu harufu iishe, ndo umuite fundi umeme. Balbu iwe ya LED ndogo, zile za zamani zinachemka sana. Ila ukweli ni kwamba kandili ni pambo, haikupi mahali pa kuweka kikombe, na wewe sebule huna hata stuli.

mpangaji_nkuhungu
Hahaa hapo kwenye stuli umenimaliza. Mama Ipagala kutu ya sanduku naitoaje? Nina mtoto wa miaka miwili.

mama_ipagala
Basi msasa wa maji, loweka huku unasugua, usikwangue kavu kabisa. Rangi za zamani nyingine zina madini ya risasi na lile vumbi lake sio zuri kwa mtoto, fanyia nje yeye akiwa kwa jirani na maji yake usimwage anapochezea. Likauke vizuri, ile praima nyekundu ya kuzuia kutu, halafu rangi ya mafuta unayotaka. Langu nililipiga kijani cha chupa, ndani nikabandika khanga iliyochanika ambayo sikuwa na moyo wa kuifanya dekio. Chini weka vipande vya mbao lisikae moja kwa moja sakafuni, ukipiga deki maji yanabaki chini yake kutu inarudi.

fundi_mbao
Na mfuniko utabonyea, bati ni bati. Mgeni mmoja tu akikalia, kwisha. Kata plaiwudi ukubwa wa mfuniko uibane kwa ndani, kipande unapata kwa mafundi kwa bei ya mabaki. Naona nimeshindwa lakini nisaidie sanduku la watu.

mpangaji_nkuhungu
Naanza na sanduku basi, kesho nakwenda kununua msasa na praima. Ile kandili isiyo na chimni nitaweka mshumaa nje umeme ukikatika.

wa_kongwa
Mshumaa bila chimni na upepo wa Nkuhungu? Utawasha mpaka kiberiti kiishe.

fundi_mbao
Na ile miguu ya cherehani kama itakaa tu nyuma ya mlango mimi nakupa elfu 25 leo, nakuja na bodaboda.

mpangaji_nkuhungu
Haiuzwi mkuu 😂