Wanafunzi 68, chaki na ubao: nawafanyaje wote washiriki Hisabati?

MwalimuLikoni
Assalaam aleikum walimu wenzangu. Nafundisha Hisabati Gredi ya 7 huku Likoni, Mombasa, dawati moja wanakaa watatu. Mtaala wa umilisi unataka mtoto atende, si akae kusikiliza tu, nami nalikubali hilo kwa moyo wote. Lakini nikiwapanga vikundi vya wanane, wawili watatu ndio wanaofanya kazi, wengine wanapiga soga. Kuna msichana mmoja nyuma, daftari lake lina majibu sahihi kila siku, ila tangu muhula uanze sijaisikia sauti yake. Huyo ndiye anayeniuma. Nyinyi mnafanyaje?

BiMwalimuKisauni
Wa aleikum salaam mwanangu. Mimi nimeshastaafu, lakini swali lako limeniamsha.

Vunja hivyo vikundi. Wanane ni baraza, na kila baraza lina wasemaji wake. Anza na wawili wawili (kwenye dawati la watatu, watatu hao hao). Kila mmoja kwanza aandike jibu lake, kimya kabisa, dakika mbili. Kisha wageukiane, waelezane. Ndipo uulize darasa zima. Frank Lyman wa Marekani aliueleza mtindo huu mwaka 1981 na hautaki kifaa chochote. Walimu wengi huuruka ule ukimya wa mwanzo, na hapo ndipo mambo yanapoharibika: hodari anasema, mwenzake anaitikia.

Na ukiuliza, ngoja. Mary Budd Rowe alichunguza madarasa huko huko Marekani akakuta mwalimu hungoja kama sekunde moja tu kabla hajaingilia. Walimu wakingoja sekunde tatu au zaidi, majibu hurefuka na hata wasiozoea kusema huanza kusema.

Sasa swali lenyewe. Saba mara nane hakuna la kujadili. Watoto wa Likoni wanajua bamvu (maji yanapojaa na kupwa sana) na maji mafu (yanapojaa na kupwa kidogo) kabla hawajajua sehemu za Hisabati, basi watumie hilo. Mimi niliwahi kuuliza hivi: maji huchelewa dakika 50 hivi kila siku, na kutoka kujaa mpaka kupwa ni saa 6 na dakika 12 hivi. Leo yamejaa saa 4 asubuhi. Keshokutwa yatakuwa yamekupwa kabisa saa ngapi? Mvulana mmoja akaandika saa 11 na dakika 28 alfajiri, jirani yake saa 11 na dakika 52 jioni. Walivutana wale! Mwishowe mmoja akashuka sakafuni na chaki, akachora mstari wa siku nzima, akaweka alama maji yanapojaa, saa 5 na dakika 40, akahesabu kurudi nyuma, kisha kwenda mbele. Wote wawili wamepata, kwani maji hupwa mara mbili. Darasa zima lilikuwa limesimama juu ya madawati kutazama.

Huyo binti usimwulize jibu lake. Mwulize, "Mwenzako amekwambia nini?" Kusema la mwenzako ni kwepesi kuliko kusema lako.

TeacherChangamwe
Bi, shikamoo. Haya yote mazuri, lakini kipindi ni dakika 40 na silabasi haimngoji mtu. Nikiwaacha wabishane, sehemu na desimali nitazimaliza lini?

BiMwalimuKisauni
Marahaba mwanangu. Swali moja kwa kipindi, dakika kumi, basi. Ukipita kati ya madawati wakibishana utasikia nani hajaelewa kukopa kwenye kutoa saa, na hapo unaokoa kipindi kizima cha kurudia baada ya mtihani.

MwalimuLikoni
Ahsante sana Bi. Alhamisi nina desimali. Nafikiria bei za nyanya na vitunguu vya soko la Kongowea, mmoja ananunua kwa kilo na mwingine kwa fungu, waamue nani amepata nafuu. Litabishaniwa hilo?

BiMwalimuKisauni
Litabishaniwa, lakini usiwape uzito wa fungu. Waache wakuulize wenyewe.