Nikuulize bei ya mtaro, uniambie nafanya kampeni?

Uyole: Wakuu, mwezi mmoja kabla ya kura ya 29 Oktoba 2025 nilimfuata mtendaji wa mtaa na swali moja. Huu mtaro unaochimbwa kwetu, mkandarasi analipwa shilingi ngapi na anamaliza lini? Akanijibu, "Subiri uchaguzi upite, nikisema sasa wataniambia nampigia mtu debe."

Mwaka huohuo Mwenge wa Uhuru ulizunguka nchi nzima ukizindua miradi na kuweka mawe ya msingi, ukaja kuzimwa hapahapa Mbeya, 14 Oktoba, kampeni zikiwa zimepamba moto. Kwa hiyo mradi ruksa kuchezewa ngoma, ila bei yake ndiyo kampeni?

Ibara ya 18 ya Katiba inatupa haki ya kupewa taarifa "wakati wote" juu ya masuala muhimu kwa jamii. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 nayo inampa mwenye ofisi siku 30 kujibu. Kampeni zilianza 28 Agosti. Aliyeandika barua siku hiyo alistahili jibu mwezi mzima kabla ya kupiga kura.

Mafinga: Mkuu, mtendaji mwonee huruma. Akikupa hiyo karatasi asubuhi, jioni inasomwa jukwaani, na anayehamishwa ni yeye. Mimi naona heri wote wanyamaze miezi hiyo miwili, Mwenge na wenyewe usogezwe.

Uyole: Mwenge usogezwe, hapo tuko pamoja. Ila wakinyamaza wote anafaidi aliye madarakani, maana mradi unajisemea wenyewe. Barabara ya njia nne hapa Mbeya, Nsalaga hadi Ifisi, kilomita 29, kila anayepanda daladala ya Mbalizi anaiona. Asichokiona ni mkataba. Bango lenye jina la mkandarasi, gharama na tarehe ya kumaliza halimpigii mtu debe, tena linaweza kumuumbua aliyeahidi kumaliza mwaka jana. Na hofu ya mtendaji ina dawa: anijibu kwa maandishi, nakala aibandike ukutani pale ofisini, CCM wasome, wapinzani wasome, na sisi tusio na kadi tusome.

Tukuyu: Samahani, huo mtaro uliisha?

Uyole: Uliisha, na takataka zimeshaujaza. Bei ndiyo bado sijaambiwa.