Miaka mitatu ya kujaribu mifumo: nianze na cheti au na msimbo?

Mpimaji wa Changamwe

Wenzangu, salamu kwenu. Kwa miaka mitatu nimekuwa mjaribu programu katika kampuni ndogo hapa Mombasa, inayowatengenezea mawakala wa forodha mfumo wa kufuatilia kontena tangu meli inapofunga gati Kilindini hadi mzigo unapotoka langoni. Kila toleo jipya likija, hufungua orodha yangu ya hatua 140, nikajaza fomu, nikabonyeza, nikaandika "imepita" au "imeshindwa", na baada ya wiki mbili nikarudia yale yale. Siidharau kazi hii, lakini nikijiuliza nakijua kitu gani leo ambacho sikukijua mwaka wa kwanza, jibu langu ni fupi mno.

Meneja wangu ananishauri nifanye mtihani wa ISTQB, ule wa cheti cha kimataifa cha wajaribu programu. Rafiki yangu aliye Nairobi anasema niachane na vyeti, nijifunze msimbo: lugha ya Python na Playwright, zana ya kuendesha majaribio ya kurasa za mtandao bila kubonyeza kwa mkono. Akiba yangu inatosha jambo moja tu. Mliotangulia, mngeanzia wapi?

Bi Mkaguzi, Tudor

Mdogo wangu, umeuliza kuhusu cheti na msimbo, nami naomba nianze na ile orodha yako. Hatua zile 140 zinathibitisha yale ambayo mwandishi wa orodha aliyawaza. Hitilafu hujificha pale ambapo hakuwaza. Chukua sehemu moja tu, ile ya kuandika nambari ya kontena, uisome mpaka uijue kuliko aliyeitengeneza. Nambari hiyo ina herufi nne na tarakimu saba, na tarakimu ya mwisho haiwekwi ovyo: kwa mujibu wa kiwango cha ISO 6346, kila herufi hupewa thamani yake, kila nafasi huzidishwa kwa 1, 2, 4, 8 na kuendelea hivyo hadi 512, kisha jumla hugawanywa kwa 11 na baki ndiyo inayoandikwa. CSQU3054383 ni nambari sahihi, kwa kuwa jumla yake ni 6185 na baki ni 3. Sasa iandike CSQU3054393. Mfumo wenu ukiikubali, umepata hitilafu ya kweli, maana karani aliyechoka hukosea hivyo hivyo, na mzigo wa mtu ukatafutwa kwa nambari isiyokuwepo. Jaribu pia nambari ambayo baki yake ni 10, kwani hapo huandikwa 0 na ni rahisi mtengenezaji kusahau. Jaribu herufi O mahali pa sifuri, na nafasi tupu iliyonakiliwa pamoja na nambari kutoka kwenye barua pepe.

Jingine lilinipata mwenyewe, katika kampuni niliyofanyia kazi zamani. Mteja alilalamika kwamba ametozwa siku moja zaidi ya kuhifadhi mzigo, na kwa wiki nzima majaribio yetu yote yalipita, maana sote tulikuwa tukijaribu mchana. Nilipokaa na stakabadhi zake nikazipitia moja moja, niliona kwamba kontena zote zenye tatizo zilishushwa kati ya saa sita na saa tisa usiku. Seva ilihesabu kwa saa za UTC, yaani saa ya rejea ya dunia nzima, nasi tuko mbele yake kwa saa tatu, kwa hiyo kontena iliyoshushwa saa saba na dakika ishirini usiku wa kuamkia Jumanne iliandikwa kuwa ya Jumatatu. Katika ripoti niliweka saa ya kushushwa, tarehe iliyotarajiwa, tarehe iliyoonekana na nambari tatu za mfano, na mtengenezaji akairekebisha siku hiyo hiyo bila kuniuliza swali hata moja. Tangu hapo nikawa naitwa kwenye vikao vya kupanga mfumo kabla msimbo haujaandikwa.

Mwana wa Likoni

Namuunga mkono Bi Mkaguzi, ila cheti nacho kisibezwe. Mtihani wa ngazi ya msingi una maswali 40 kwa dakika 60, na anayepata 26 amefaulu. Asiyeufanya kwa lugha yake ya kwanza huongezewa dakika 15, basi iombe nyongeza hiyo unapojiandikisha. Mimi ulinipa msamiati na kanuni za mambo niliyokuwa nikiyafanya kwa kubahatisha. Mtaala wake uko bure kwenye tovuti yao: usome kwanza, na kwa kuwa wazo la mtihani ni la meneja, mwombe achangie ada.

Fundi Skripti, Nyali

Mimi niko na rafiki yako wa Nairobi, kwa sharti moja. Anayepitia hatua 140 kwa mkono kila wiki mbili atautoa wapi muda wa kuchimba kama alivyoeleza Bi Mkaguzi? Python na Playwright ni bure, hivyo akiba yako itumie kwa intaneti. Chagua hatua kumi zisizobadilika mara kwa mara, kama kuingia kwenye mfumo, kusajili kontena na kutoa ankara, uziandikie skripti, yaani programu fupi za kuzipitia badala yako. Ukikimbilia zote, utashinda ukikarabati skripti kila skrini inapobadilishwa. Na jaribio linaloshindwa leo likapita kesho bila sababu, liweke kando mpaka ujue chanzo chake, kwani timu ikizoea kupuuza alama nyekundu ya jaribio lililoshindwa, itaipuuza hata ile ya kweli.

Mpimaji wa Changamwe

Nawashukuru nyote. Jioni hii nimeandika CSQU3054393. Mfumo umeikubali na kutoa hati ya kuchukulia mzigo. Nimetuma ripoti, na mtengenezaji ameniuliza swali lililonishinda: tuikatae kabisa nambari ya namna hiyo, au tuonye tu? Anasema ziko kontena za watu binafsi ambazo nambari zake hazifuati kanuni.

Bi Mkaguzi, Tudor

Anasema kweli, zipo. Mfumo uonye, umtake karani aiandike nambari mara ya pili, na uhifadhi jina la aliyeithibitisha. Kabla ya kuliandika hilo kuwa tokeo linalotarajiwa, nenda ukakae asubuhi moja na mawakala wawili watatu, uwaone wakijaza fomu hiyo.