Digrii ya biashara ya mtandaoni: itaniongezea mshahara au nitapoteza milioni 7?

Binti wa Kijenge
Wakuu, habari za jioni. Nina miaka 29, naishi Kijenge hapa Arusha. Nina diploma ya uhasibu na huu ni mwaka wa tano niko kampuni ya utalii: nakata risiti, naandaa posho za madereva na malipo ya hifadhi, natayarisha ritani za kodi. Mshahara ni 650,000 kabla ya makato. Mhasibu wetu anakaribia kustaafu. Nafasi yake ni 1,100,000, ila wanataka digrii.

Nimepata chuo cha nje kinachotoa digrii ya biashara mtandaoni. Ada zote jumla ni kama milioni 7 na nusu, nalipa kidogo kidogo. Kuacha kazi siwezi, nina mtoto darasa la pili na mama yuko Usa River ananitegemea. Hofu yangu ni nimalize halafu niambiwe hawaitambui. Naombeni ushauri.

Mchagga wa Kibosho
Dada, usitume hata senti kabla hujawauliza TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu. Mdogo wangu alisoma chuo cha nje kwa mtandao, akapewa cheti chenye muhuri wa kung'aa. Alipotaka kuomba kazi serikalini akagonga mwamba, maana matangazo ya Sekretarieti ya Ajira yanataka vyeti vya vyuo vikuu vya nje viwe vimehakikiwa na TCU. Kumbe chuo chenyewe hakikutambulika hata huko kilikotoka. Deni la kikundi alilokopa kulipia ada tulilimaliza sisi ndugu zake, tukauza na ng'ombe. Mpaka leo inaniuma.

Na si yeye tu. Mwaka 2015 kampuni ya Axact ya Karachi, Pakistan, ilifichuliwa kwa kuuza digrii za vyuo ambavyo havikuwepo popote zaidi ya kwenye tovuti.

Mama Wawili Njiro
Mdogo wangu, nimeajiri watu hotelini miaka 11. Kusoma mtandaoni kwenyewe hakunisumbui. Chuo Kikuu cha Illinois kule Marekani kilitangaza mwaka 2019 kwamba kinaachana na MBA (digrii ya uzamili ya biashara) yake ya darasani ya kutwa, kikawekeza nguvu kwenye ile ya mtandaoni. Ninachouliza mimi ni chuo gani, na nani anakitambua.

Ila umesema jambo limenishtua. Nafasi unayoitaka ni ya mhasibu, na digrii unayotaka kulipia ni ya biashara kwa jumla. Hayo ni mambo mawili. Wahasibu wanasajiliwa na NBAA, ile bodi ya wahasibu, na mwajiri makini atakuuliza habari za CPA, cheti cha taaluma ya uhasibu. Waulize NBAA digrii hiyo itakuanzishia ngazi gani ya mitihani. Ikiwa itakurudisha nyuma, tafuta ya uhasibu moja kwa moja.

Fundi Hesabu
Tupige hesabu, kwa sababu watu wanaangalia mshahara wa kwenye barua wakasahau makato. Kwa 650,000, ukitoa NSSF (hifadhi ya jamii) asilimia 10 na PAYE (kodi ya mshahara), unabaki na 552,000. Kwa 1,100,000 unabaki na 864,500. Kwa hiyo ile nyongeza ya 450,000 inafika mkononi ikiwa 312,500. Milioni 7 na nusu utairudisha kwa miezi 24 kamili, na hapo sijahesabu bando wala miaka ya kusoma ambayo hulipwi nyongeza yoyote.

Si mbaya hata kidogo, lakini ni kama nafasi utapewa wewe. Bosi amekuahidi kwa maandishi?

Binti wa Kijenge
Hapana kaka. Aliniambia kwa mdomo tu, tukiwa tunafunga mahesabu ya mwezi.

Fundi Hesabu
Basi mwandikie barua ya heshima. Muulize digrii ipi wataikubali na kama kampuni inaweza kuchangia ada. Akikujibu kwa maandishi una pa kushika.

Mama Wawili Njiro
Na mbona Chuo Kikuu Huria hamkitaji? Kipo kwa sheria tangu 1992, kina vituo Arusha na Moshi, na walio wengi pale wanasoma huku wanafanya kazi. Mimi mwenyewe nilisoma hapo nikiwa na mtoto mchanga, nasoma usiku akilala. Hakuna mwajiri aliyewahi kuniuliza kama kinatambulika. Linganisha ada yao na hiyo milioni 7.

Binti wa Kijenge
Asanteni sana, nimesoma kila neno. Lile la uhasibu na biashara sikuwa nimeliona kabisa, na leo nilikuwa nilipe ada ya kujiandikisha. Nimesitisha. Barua ya bosi nimeshaiandika, naipeleka Jumatatu, na mchana nitaomba ruhusa nipite kituo cha Huria.

Mchagga wa Kibosho
Beba na vyeti vya form four, dada, pamoja na nakala. Wasije wakakurudisha.