Je, mitambo midogo ya umeme huiyumbisha gridi?

Mwanagenzi wa Umeme:
Ndugu wataalamu, habari za jioni. Nasikia wengine wakidai kwamba sola za mapaani na mitambo midogo ya maji huiimarisha gridi kwa kuwa huzalisha umeme karibu na mtumiaji, na wengine wakidai kwamba huiyumbisha. Kwa mawazo yangu, mtambo wa kilowati 5 ukizimika hakuna atakayejua. Hofu hiyo inatoka wapi?

Fundi Rilei:
Ukizimika mmoja, ni kweli hakuna atakayejua. Taabu ni kwamba haizimiki mmoja mmoja. Kila mtambo una kinga inayoutenganisha na gridi masafa (idadi ya mizunguko ya umeme kwa sekunde, yaani Hz, ambayo kwa kawaida ni 50) yanapovuka mipaka, ili laini ikikatwa, fundi aliye juu ya nguzo asikutane na umeme unaotoka kwa mteja. Mipaka hiyo hupangwa kwa kanuni moja nchi nzima, na kwa hiyo maelfu ya mitambo huweza kujitoa pamoja kana kwamba ni kituo kimoja kikubwa. Nchini Ujerumani inveta (vifaa vinavyogeuza umeme wa sola uwe wa aina ya gridi) za zamani zilitakiwa kujizima masafa yakifika 50.2 Hz, na kuanzia 2012 ikalazimu mamia ya maelfu ya mitambo kurekebishwa. Uingereza walichelewa. Tarehe 9 Agosti 2019 radi ilipiga laini ya msongo mkubwa kaskazini mwa London. Shamba la upepo la Hornsea na kituo cha gesi cha Little Barford vikapoteza uzalishaji, na mitambo midogo ya takriban MW 500 nayo ikajitoa, mingi ikiwa imedhani kwamba imetengwa na gridi. Masafa yalishuka hadi 48.8 Hz, na wateja zaidi ya milioni moja wakakatiwa umeme.

Mwanagenzi wa Umeme:
Ahsante sana. Kinga zikilegezwa, usalama wa huyo fundi utakuwaje?

Fundi Rilei:
Waingereza walipandisha kiwango cha kasi ya badiliko la masafa kinachoiamsha kinga kutoka 0.125 hadi 1 Hz kwa sekunde. Kipande cha laini kikitengwa kweli, ni nadra uzalishaji wake ulingane na matumizi, hivyo masafa huharibika upesi na kinga hufanya kazi hata ikiwa imelegezwa. Pamoja na hayo, fundi hupima na kuweka athi (waya wa kuiunganisha laini na ardhi) kabla ya kugusa laini.

Mama Transfoma:
Nakubaliana na Fundi, ila tusiiweke mitambo yote katika kapu moja. Mtambo wa maji kama ule wa Mwenga kule Mufindi, wenye MW 4, una rota (sehemu ya jenereta inayozunguka) nzito ambayo huendelea kuzunguka na kupunguza kasi ya masafa kushuka. Inveta ya kawaida ya sola haina uzito huo. Kwa laini zetu ndefu za kV 33 mimi huangalia kwanza volteji, kwa sababu matumizi yakiwa madogo na mtambo wa mwisho wa laini ukisukuma umeme kwa nguvu zote, volteji ya jirani zake hupanda, na vifaa vyao ndivyo vinavyoungua, hata kama gridi ya taifa imetulia kabisa. Kabla ya kuunganisha, omba vipimo vya volteji vya usiku wa manane kwa mtambo wa maji, na vya mchana wa Jumapili kwa sola.